Kinyonga Hasemi Anaumwa

Kwa Kiswahili, ukimwita mtu kinyonga umemtukana. Umesema ni kigeugeu, ana sura ya mchana na sura ya usiku, anahama chama kabla kadi ya zamani haijachakaa. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1884 Chekhov aliandika hadithi fupi kuhusu polisi anayegeuza hukumu kila anapoambiwa kwamba mbwa aliyemng'ata mtu ni wa mkubwa fulani, kisha si wake, kisha ni wake tena, na hadithi yenyewe akaipa jina la mnyama huyuhuyu. Mimi huu ni mwaka wa tatu naishi na kinyonga, ndani ya nyumba, katika jimbo la Minnesota, na naona tumemsingizia. Katika viumbe wote niliowahi kuwalea, nikimhesabu na binti yangu, sijaona asiyejua kudanganya kama huyu. Tatizo lake ni jingine kabisa. Ananyamaza.

Hebu tuanze na rangi, maana ndiko kila mtu anakoanzia. Ile habari ya kwamba kinyonga hugeuka rangi ya chochote anachokanyaga si kweli. Ukimweka juu ya kitenge hatatoa maua. Rangi yake ya siku zote ndiyo inayofanana na majani. Anapobadilika, sababu ni joto, hofu, hasira, au mambo ya dume na jike. Asubuhi huyu wetu akitaka kuota taa, ubavu unaoelekea taa unakuwa mweusi kama sufuria ya kuni huku ubavu wa pili ukibaki kijani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza kinyonga wa Madagaska, walionesha kwamba ndani ya ngozi kuna tabaka la seli lenye fuwele ndogo mno. Mnyama akiwa ametulia fuwele zinakaribiana, akisisimka zinaachana, na mwanga unaorudi machoni petu unageuka kuelekea njano na nyekundu. Kwa hiyo rangi haifichi chochote. Inatangaza.

Ugonjwa ndio anaoficha. Porini kinyonga aliyelegea ni chakula cha ndege, basi mwili wake umejifunza kusimama wima hadi dakika ya mwisho. Wafugaji wanasema siku unayoona kinyonga wako anaumwa, ameshaumwa wiki tatu. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nikadhani wanatia chumvi.

Anaitwa Taratibu. Ni jike wa aina inayojulikana kwa jina la Jackson, ile ambayo dume wake ana pembe tatu usoni kama kifaru aliyezidisha. Kwao ni nyanda za juu za Kenya, na binamu zake wadogo wanaishi Mlima Meru, mlima ambao mimi niliuona kila nilipofungua mlango wa jikoni nyumbani Tengeru. Tulimnunua kwa mfugaji anayewazalisha mwenyewe. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na kwa kweli sikutaka mnyama aliyetolewa msituni kwenye gunia. Lakini ukifuatilia vinyonga wa aina hii wanaofugwa Marekani, wengi hadithi yao inapita Hawaii. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu aliagiza vinyonga kadhaa kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekaukiwa maji. Akawaachia kwenye bustani ya nyumba yake wapate nafuu. Walipopata nafuu, wakaondoka. Wajukuu wao wako milimani Hawaii mpaka leo, na serikali ya huko inawahesabu kuwa wavamizi. Naipenda hadithi hii kuliko ninavyopaswa. Wageni walioingia nchi ya watu wakiwa wagonjwa, wakalala kwenye vichaka vya mtu, wakapona.

Lazima niseme tulivyolelewa, la sivyo hamtaelewa kwa nini ilinichukua miezi miwili kumshika. Kwetu kinyonga alikuwa mnyama wa kukimbiwa. Tuliambiwa akikurukia hakuachii. Tuliambiwa ukimcheka utageuka kama yeye. Kaka zetu wakubwa walikuwa wakimpata njiani wanamtia ugoro mdomoni kwa kijiti, kisha wanakaa chini kutazama rangi zikipita: kijani, njano, kahawia, nyeusi. Baadaye niliposoma kuhusu seli na fuwele nilikumbuka hao kaka. Walikuwa wanatazama mnyama akifa, wanasema anachezesha taa.

Na tuliambiwa kinyonga jike hazai. Mimba ikikomaa hupanda mti, akajiachia, akaanguka, tumbo likapasuka, watoto wakatoka, yeye akafa hapo hapo. Hilo nililiamini hadi nikiwa na miaka thelathini na nane.

Mume wangu, ambaye kwao ni Tanga, alisema lumbwi akiingia kwa mlango huu yeye atatoka kwa ule. Akaingia. Hakutoka. Lakini kwa mwaka mzima alikunywa chai akiwa amekipa kizimba mgongo.

Mwezi wa tano tangu afike, Taratibu akazaa. Vinyonga wengi hutaga mayai, ila aina ya Jackson huzaa watoto walio tayari, baada ya kubeba kama miezi sita, na jike anaweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi na kuzaa tena bila kumwona mwanamume. Asubuhi moja binti yangu akaniita, na nikafika kuona kitu kama tone la gundi kikidondoka kutoka kwenye tawi. Ndani ya tone alikunjwa mtoto, mdogo kama njugu. Tone likagonga jani, utando ukapasuka, mtoto akakunjuka, akatembea. Kumi na saba! Mama yao akawa anasogea hatua moja, anadondosha, anasogea tena, bila haraka, kama mtu anayepanda mahindi. Ndipo nilipoelewa ile hadithi ya Tengeru ilivyotokea. Kweli kuna kitu kinapanda mti, kinaanguka na kupasuka, na watoto wanatoka. Ila si mama. Aliyeisimulia mara ya kwanza alikuwa ameona sehemu kubwa ya jambo, akajaziliza iliyobaki.

Baada ya hapo nilidhani tumemaliza kuogopa. Kumbe ndiyo tulikuwa tunaanza.

Kinyonga ana namna nyingi za kukutisha bure. Kuna siku jicho lake lilivimba likawa kama puto, likajizungusha ndani ya kifuniko chake, nikaita watu wote nyumbani. Dakika tano baadaye likarudi, limesafishwa. Ndivyo wanavyoosha macho. Kuna siku aliamka akiwa mweupe na vipande vya ngozi vinaning'inia kama bango la uchaguzi lililonyeshewa mvua. Alikuwa anajichuna tu, wanafanya hivyo maisha yao yote. Usiku hulala akiwa amepauka kiasi kwamba ukimmulika na tochi unaweza kuanza kuita waombolezaji. Rafiki mmoja mwenye dume alimkimbiza kwa daktari kwa sababu kitu cheupe kilikuwa kimetokeza nyuma. Kilikuwa uchafu wa mbegu uliogandamana, jambo la kawaida kwa madume, linalotoka lenyewe.

Halafu kuna vya kweli, na hivi havina kelele. Kinyonga anayefumba macho mchana anaumwa. Macho yaliyozama ni kiu, na kiu ya kinyonga ni shughuli, kwa sababu hajui maji ya bakuli. Anakunywa matone kwenye majani, ndiyo maana kwetu kuna pampu inayonyunyiza kizimba kama mvua ya vuli. Kinyesi chake kina sehemu mbili, ya kahawia na nyeupe, na ile nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa ujue amekaukiwa. Akikosa taa ya miale ya urujuanimno na unga wa kalsiamu kwenye nyenje anaowala, mifupa inalainika, miguu inapinda kama matege ya mtoto, mwishowe hata ulimi hauwezi kuruka. Akikaa ameinua kichwa na mdomo wazi wakati hakuna joto kali, ni mapafu. Binti yangu ana daftari la haya yote. Kila siku ameandika: amekula nyenje ngapi, amekunywa au hapana, rangi gani saa ngapi. Nilianza kulicheka lile daftari, nikaacha.

Ilikuwa Januari, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, saa mbili na nusu usiku. Daftari lilikuwa limeandika siku mbili mfululizo: *anajikamua*. Siku ya tatu binti yangu alikuja sebuleni akasema kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, Taratibu ametoka."

Nikadhani ametoka kizimbani.

Chini ya mkia wake kulikuwa na nyama nyekundu, inang'aa, kubwa kama punje ya komamanga, kisha kubwa kuliko punje. Kinyonga ana tundu moja tu la kila kitu, haja na uzazi, kwa hiyo kinachotokeza hapo kinaweza kuwa vitu kadhaa, na kila kimoja kina hatima yake. Kwa dume mara nyingi ni kiungo chake cha uzazi. Anavyo viwili, na kimoja kikikataa kurudi daktari anaweza kukikata akabaki na kingine. Kwa jike linaweza kuwa njia ya uzazi, au sehemu ya mwisho ya utumbo. Utumbo una tundu katikati, ukitazama vizuri unaliona. Nililiona.

Rangi yake yeye mwenyewe ilikuwa kijani. Hilo ndilo linalonirudia. Utumbo uko nje na ngozi ni ya kijani, jicho moja linanitazama mimi na jingine linamtazama nyenje ukutani. Kama si ile nyama, ungesema mnyama huyu hana shida duniani.

Tukamtoa kizimbani, maana pale kila kijiti ni msumari kwa nyama iliyo wazi, tukamweka kwenye boksi lenye karatasi laini za jikoni zilizoloweshwa. Nyama kama ile ikikauka inakufa, na ikifa hairudishwi. Ndiyo sababu watu wanasema uwe na saa, si siku. Mume wangu, huyuhuyu wa mlango huu na mlango ule, akalishika boksi. Mimi nikapiga simu. Zahanati ya kwanza ya wanyama wakasema hawapokei wanyama wa aina hiyo. Ya pili vilevile. Ya tatu wakasema watanipigia.

Nikiwa nasubiri nikampigia Mama. Sijui kwa nini. Najua. Huku saa tatu usiku ni saa kumi na mbili asubuhi Tengeru, saa anayofungulia kuku.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Huko si usiku? Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilitegemea atacheka, au ataanza ile ya kwamba nimeingiza mkosi ndani ya nyumba. Akauliza tu, "Nyama yenyewe nyekundu au imeshakuwa nyeusi?"

"Nyekundu."

"Basi bado. Kuku hutokwa hivyo, hasa akianza kutaga mayai makubwa kabla hajakomaa. Kwanza umtenge, maana wenzake wakiona wekundu wanadonoa mpaka wanamvuta matumbo yote. Halafu uoshe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Halafu sukari."

"Sukari, Mama?"

"Sukari. Inanywea. Ikinywea inarudi. Lakini kizazi kikishashuka, mwanangu, hata ukikirudisha kitashuka tena."

Nikamwambia huyu si kizazi, ni utumbo. Akasema yote ni mamoja, kilichokaa ndani kikijua njia ya nje hakisahau.

Simu ya zahanati ikaingia. Muuguzi, msichana kwa sauti yake, akaniuliza mambo yaleyale: rangi gani, imekauka? Msiisukume kwa vidole. Kisha akasema, "Mna sukari nyumbani?" Tengeneza nzito kama shira, loweka pamba, funika taratibu. Nikacheka, akadhani nalia. Sababu yake ni rahisi na ukitaka kuiona kata papai, linyunyizie sukari, usubiri kidogo: litatoa maji. Nyama iliyovimba nayo hivyohivyo. Sukari inavuta maji kutoka ndani, uvimbe unapungua, na kitu kilichokuwa kikubwa kuliko mlango kinaanza kutosha mlangoni. Wanaitumia kwa ng'ombe, kwa mbwa, kwa watambaazi. Mama yangu hajui neno hata moja la kemia.

Tukaendesha dakika hamsini kwenye barafu, gari limewashwa joto hadi madirisha yanalia. Mlangoni kwa daktari kuna kibao kinachosema wanatibu wanyama wa kigeni. Nilisimama chini yake nikiwa na boksi lenye kinyonga wa pembe tatu asiye na pembe, mimi wa Tengeru yeye wa nyanda za Kenya, nikajisemea haya, tumefika penyewe.

Daktari alikuwa mtaratibu kuliko mgonjwa. Akamtazama muda mrefu bila kumgusa. Akasema nyama ni hai, utumbo, sehemu ya mwisho. Akaeleza atakachofanya: dawa kidogo ya kumlegeza, mafuta ya kuteleza, kuurudisha kwa kijiti cha pamba chenye unyevu, kisha nyuzi mbili, moja kila upande wa tundu, si kulifunga kama mdomo wa kifuko, maana lazima haja ipite. Picha ya eksirei kuangalia kama kuna watoto au kitu kilichokwama. Choo chini ya hadubini. Sindano ya kalsiamu, kwa sababu misuli isiyo na kalsiamu haisukumi vizuri, inakamua tu bila mafanikio. Halafu akaandika gharama kwenye karatasi akaigeuza upande wangu. Dola 640. Akasema pia, kwa upole, kwamba wengine hapo huchagua kumlaza mnyama asiamke, na kwamba hakuna atakayenilaumu.

Nitaeleza hesabu niliyoifanya, kwa sababu watu wa kwetu wanaosoma hapa wameshaifanya. Dola 640 ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Ni ada ya mtoto wa dada yangu kwa muhula, na inabaki ya sare. Ni fedha ninayomtumia Mama kwa miezi minne. Unaanzaje kumwambia mtu nyumbani kwamba umeitoa kwa kinyonga? Ukiwa ughaibuni unazoea kuishi na vitabu viwili vya hesabu, cha huku na cha kule, na unajitahidi visikutane. Usiku ule vilikutana juu ya meza ya chuma. Binti yangu hakusema kitu. Alikuwa amefungua daftari, anamsomea daktari siku tatu za mwisho, nyenje kwa nyenje, na daktari alikuwa anaandika.

Nikalipa. Sitaipamba sababu. Mnyama alikuwa kijani, na niliona kwamba sitaweza kumwua akiwa kijani.

Kwenye choo walikuta minyoo, wengi. Daktari akasema mara nyingi huingia na wadudu wenyewe wa kulisha, nyenje anamla mnyoo na kinyonga anamla nyenje. Mwili uliotoka kuzaa na kupungukiwa kalsiamu hauna nguvu ya kupambana. Tukapewa dawa ya kumpa kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Kumfungua kinyonga mdomo kunahitaji watu wawili na aibu kidogo. Anakuzomea. Anakuwa mweusi. Hapo ndipo nilipofurahia rangi nyeusi, maana hasira ni uzima.

Jumapili Mama akapiga mwenyewe, jambo asilofanya kwa sababu ya salio.

"Na yule wako, walimrudishia?"

"Walimrudishia Mama. Wakashona."

"Wakashona." Nikasikia jogoo nyuma yake. "Wanashona kabisa, kinakaa?"

"Daktari anasema wengi kinakaa."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Na kwa binadamu wanafanya hivyo?"

Mimi ni mtoto wake wa pili. Nimelala naye kitanda kimoja, nimemwosha alipovunjika mkono, nimempaka dawa mgongoni. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza kwa mnyama kwamba ukimkaribia haraka anajikunyata. Jogoo akawika tena.

"Tangu nimzae mdogo wako," akasema.

Mdogo wangu ana miaka thelathini na moja. Miaka thelathini na moja mama yangu amebeba ndoo, amepanda migomba, amesimama kwenye misiba ya watu kutwa nzima, na kizazi chake kimeshuka, na amekikunjia kanga akakikalia kimya. Aliwahi kumwambia mtu mmoja, mama mkwe wake, naye akamjibu kuwa ndiyo uzazi. Bawasiri watu wanaisema, hata matangazo ya dawa yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme. Hili la kizazi halibandikwi popote. Nikamwuliza kama baba alijua. Akasema, "Baba yako alijua ninaumwa mgongo."

Sikulia kwenye simu. Nilimweleza ninavyojua, ambavyo vilikuwa vichache, nikamwambia nitasoma zaidi: kwamba wapo wanaowekewa pete ya mpira ndani ya kushikilia, bila kisu, na wapo wanaopasuliwa, na kwamba si uzee na wala si adhabu. Alinisikiliza. Mwishoni akasema, "Ningekuwa kuku ningeshawekewa sukari," akacheka kweli kweli, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kanga ambacho nakiona hata bila picha.

Ilichukua hadi Aprili kumfikisha hospitali ya rufaa. Dada yangu alimsindikiza. Sitaeleza ya mule ndani, ni yake. Aliwekewa pete. Amekatazwa kubeba vizito na anabeba, lakini ndoo ndogo.

Taratibu alitolewa nyuzi baada ya wiki tatu. Siku tatu za mwanzo bila nyuzi hakuna aliyelala vizuri nyumbani, kwa sababu mara nyingi hurudi, na kila alipoinua mkia tulikuwa watu watatu na tochi tatu. Siku ya nne akajisaidia. Kahawia imara, na nyeupe ya kweli, nyeupe ya chaki. Binti yangu akapiga picha akamtumia bibi yake kwa WhatsApp bila kuniuliza, na bibi akajibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tisa, nusu yake kuku, akisema hicho ni choo cha mtu mzima.

Sasa amezeeka. Jike wa aina yake akifika miaka mitano ameishi sana, naye anaelekea huko. Halengi kama zamani. Nyenje akiwa mbali anapiga ulimi unapita pembeni, anatulia kidogo kama hajafanya kitu, kisha anasogea. Tumemshushia matawi. Mume wangu amegeuza kiti, chai anainywa akiwa amekielekea kizimba, na anadai anatazama dirisha. Chini ya kizimba, karibu na chupa ya maji ya chumvi na boksi lenye matundu, kuna kopo la sukari ambalo binti yangu ameliandika kwa kalamu nene: SI YA CHAI.